Ukitoka kwenye kipigo unalala wapi? Niliyoyapitia na kuyaona Kigoma

Kila mwaka ikifika Novemba 25 mpaka Desemba 10 zile siku 16 za kupinga ukatili zinaanza, tunagawiwa tisheti, tunaandamana, viongozi wanapanda jukwaani wanasema mwanamke vunja ukimya, toa taarifa. Sawa kabisa, na mimi nilitoa. Lakini kuna swali sijawahi kusikia likijibiwa pale jukwaani, nikishatoa taarifa saa nne usiku, nalala wapi na wanangu?

Ndo hilo tu nataka niliongelee, kwasababu nimelipitia mwenyewe na sahivi najitolea na shirika dogo hapa Kigoma mjini, na kila mwanamke anayekuja naona swali ni lile lile limevaa kanga nyingine.

Watu wananiambia huku kwetu hakuna wasio na makazi, hao wako Ulaya wanalala kwenye maboksi, Mwafrika ana ndugu. Jamani. Mwanamke aliyefukuzwa kwake humuoni barabarani kwasababu kajibana kwa mtu, analala sebuleni kwa wifi wa rafiki yake, analala jikoni, analala kwenye kibanda cha dagaa kule mwaloni, anahama na watoto leo huku kesho kule mpaka waliompokea waanze kununa. Huyo hana makazi. Nilikuja kujua baadaye kwamba Uingereza mtu aliyekimbia nyumbani kwa ajili ya kupigwa sheria inamhesabu hana makazi hata kama jina lake liko kwenye mkataba wa nyumba, na kwa sheria yao ya 2021 halmashauri za England zinatakiwa zimuweke kwenye kundi la kipaumbele la kupewa pa kukaa. Huku kwetu huyo ni mgeni tu, na mgeni siku ya tatu anapewa jembe.

Na sio watu wachache. Ule utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulionyesha wanawake 4 kati ya 10 wenye umri wa miaka 15 mpaka 49 walishawahi kupigwa au kuumizwa mwili. Nne kati ya kumi, yaani kwenye kikoba chetu cha watu ishirini ni wanane hao, na mimi ninavyokijua kikoba chetu hata hiyo hesabu naiona ndogo.

Mimi niliolewa Gungu. Mume wangu sitamuelezea sana, watu wanapenda kuuliza alikuwa anakunywa? Hapana. Alikuwa anapiga akiwa na akili zake timamu na swala tano anaswali. Mimi nilikuwa nanunua dagaa Kibirizi naanika nauza, wengine napeleka stesheni watu wanabeba kwenda nao Tabora na Dodoma, na hela ya dagaa ndo iliyonunua bati za ile nyumba tuliyojenga. Siku niliyotoka mara ya kwanza alikuwa amenivunja kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto kwa mlango, na nilitoka na mtoto mmoja mgongoni mwingine mkononi, na kadi ya kliniki kwasababu ndo ilikuwa juu ya kabati karibu na mlango. Kadi ya kliniki tu.

Nikaanzia kwa jirani, siku mbili akaogopa maana mume alikuja kusimama nje anapiga kelele. Nikaenda kwa shangazi Ujiji, vyumba viwili watu saba, na sisi watatu tukawa kumi. Shangazi yangu ni mtu mwema sana, nasema kutoka moyoni, alikuwa ananipakulia kwanza mimi ndo anajipakulia yeye. Ila mume wake akaanza kurudi usiku sana, alafu akaacha kuitikia salamu, alafu shangazi mwenyewe siku moja tuko tunachambua mchele akasema bila kuniangalia, "Mwanangu mimi sikufukuzi, ila unaona mwenyewe nyumba ilivyo." Nilikuwa naona. Nikapanda gari nikaenda kwa mama, kijijini Kasulu. Mama alinipokea, alilia, usiku wa pili akaniambia ndoa ndoano mwanangu, vumilia, na mahari yako ndo iliyomuolea kaka yako, ukiachika hapa tunairudisha na nini?

Nikarudi kwa mume. Na hapa ndo watu wanapotuhukumu kwahiyo nisikilizeni vizuri. Sikurudi kwasababu nampenda sana, sikurudi kwasababu nimerogwa wala kwasababu nimezoea kipigo, nilirudi kwasababu mvua ilikuwa imekolea na mtoto mdogo anabanwa na kifua na nyumba zote nilizokuwa nazijua duniani zilikuwa zimeisha. Kila mwanamke niliyekaa naye kumsikiliza ambaye alirudi, ukimchimba unakuta hivohivo, nyumba zimeisha. Tukiacha kuuliza kwanini karudi tukaanza kuuliza alikosa nini cha kumzuia asirudi tutapata majibu tofauti kabisa.

Mara ya pili ilikuwa tofauti na tofauti ililetwa na nesi. Nilipelekwa hospitali nimezimia, na yule dada alipokuwa ananifunga akatuma watu wote nje akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ukiruhusiwa hapa unaenda wapi?" Hakuniuliza kwanini amekupiga. Wiki kadhaa kabla ya hapo kwenye kituo kimoja nilikoenda kuripoti niliambiwa hayo ni mambo ya ndani mkayamalize nyumbani, kwahiyo mimi nilikuwa sina imani na mtu. Nesi akampigia afisa ustawi wa jamii, ustawi akanipeleka mwenyewe mpaka dawati la jinsia na watoto la polisi, pale nikakuta askari wa kike aliyenisikiliza, nikapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, na haikuwa na hela yoyote (wanawake wenzangu, PF3 ni bure, ukiombwa hela uliza risiti), na kutoka dawatini ndo nikapelekwa kwenye nyumba ya hifadhi.

Ile nyumba kwa nje huwezi kujua. Haina kibao, haina bendera ya mradi, geti la bati la kawaida na mwembe. Mama mlezi wa pale aliniuliza mtoto amekula nini kabla hajaniuliza kitu kingine chochote, akaleta uji, alafu akaomba simu yangu, akatoa laini, akaniwekea laini mpya, akasema hii namba asiwe nayo mtu hata mama yako, sio kwamba mama ni mbaya ila mama akishikwa na huruma anasema. Na kweli mume alishafika Kasulu kuuliza. Watoto hawatoki peke yao. Bodaboda wa kutupeleka hospitali au mahakamani ni yule yule mmoja wanayemjua. Mwanzo niliona ni kama jela, baada ya usingizi wa kwanza wa kulala mpaka asubuhi bila kusikiliza mlango nikaelewa.

Nataka niseme mashirika yanafanya nini hasa maana wengi wanadhani ni semina tu. Wanampeleka mtu hospitali na kulipia vipimo na dawa. Wanamkalisha na mshauri nasaha, na sio mara moja. Wanaenda naye mahakamani, na kwenda na mtu mahakamani sio kitu kidogo, ukiwa peke yako ukamuona mwanaume na ndugu zake wamejaa benchi zima unasahau hata jina lako. Watoto wanahamishwa shule, na hii inasumbua kuliko watu wanavyojua, shule iliyotakiwa kumpokea mwanangu ilitaka baba aje, mpaka ustawi wakaandika barua. Na kuna wasaidizi wa kisheria, wale wa mtaani waliopewa mafunzo, tangu ile Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 wanatambulika rasmi na huduma yao hulipii.

Huyo msaidizi wa kisheria ndo aliyenifungua macho. Mimi nilikuwa najua mke akitoka ndani mwenyewe basi nyumba imeenda, ndivyo tunavyoambiwa na mawifi. Akanikalisha akanieleza kwamba Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake, awe mume awe mke. Imeandikwa 1971, kabla mimi sijazaliwa. Kifungu cha 59 nyumba ya ndoa mmoja hawezi kuiuza wala kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 mahakama ikivunja ndoa inaweza kugawa mali kwa kuangalia mchango wa kila mmoja, na Mahakama ya Rufani ilishasema tangu 1983 kwenye kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango, kupika, kufua, kulea. Nilimwambia dada mimi na bati nilinunua. Akacheka akasema basi risiti ziko wapi? Ziko ndani ya kabati lake.

Kwahiyo hapa niseme kwa aliye ndani sahivi na anasoma kwa kujificha. Hata kama hujaamua kutoka, anza kuhamisha karatasi. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto, cheti cha ndoa, kitambulisho cha NIDA, kadi za kliniki na za bima, picha ya mkataba wa kiwanja, risiti za vifaa vya ujenzi, PF3 zote za zamani. Piga picha kwa simu ya mtu unayemuamini alafu futa kwenye simu yako. Originali wekea mtu, ila sio ndugu wa mume hata awe mzuri vipi. Na nauli ya kutoka, hata elfu kumi, usiiweke ndani ya nyumba. Mtoto akiumizwa au ukiogopa kwa ajili yake kuna namba ya simu ya msaada kwa watoto, 116, kupiga ni bure.

Mahakama ya mwanzo sitaisimulia yote, ni ndefu. Kwanza unaenda baraza la usuluhishi, sisi waislamu wengi tunaenda BAKWATA, lile Baraza Kuu la Waislamu, wanakaa nanyi wakishindwa wanawapa hati ndo mnaenda nayo mahakamani. Ndoa ilivunjwa, nikapewa sehemu yangu ya nyumba kwa hela, akalipa kidogokidogo na nyingine mpaka leo bado.

Narudi kwenye jambo langu. Pale kwenye nyumba kuna muda. Mtu anakaa wiki, mwezi, wengine mpaka miezi mitatu, alafu inabidi apishe mwingine kwasababu vitanda ni vichache na wanaosubiri ni wengi, siwalaumu. Nilikuwa na mwenzangu alitokea vijiji vya Uvinza, tulikuwa tunapika naye zamu moja, mchangamfu, kila jioni ananisuka. Alifundishwa kutengeneza sabuni ya maji, akapewa cheti, akapewa ndoo na madawa ya kuanzia, siku yake ya kutoka tulipiga makofi, tukapiga picha. Alikuwa na kila kitu kasoro chumba. Alirudi kwa yule mwanaume na ndoo yake kichwani. Nilikutana naye sokoni Mwanga baadaye ana alama mpya shingoni akaniambia ile ndoo iliuzwa wiki ileile.

Hesabu yenyewe iko hivi. Chumba cha kawaida cha kupanga tuseme elfu thelathini kwa mwezi, mwenye nyumba anataka miezi mitatu au sita mkononi. Miezi sita ni laki moja na elfu themanini kabla hujanunua godoro, ndoo, sufuria mbili na jiko la mkaa. Mwanamke aliyetoka na kanga mbili anaitoa wapi? Na hata akiwa nayo, mwenye nyumba anamuangalia anamuuliza mume yuko wapi, hapa sitaki fujo. Tena ukitaja tu kwamba uliachana naye kwa ugomvi chumba "kimeshachukuliwa".

Shirika lililonisaidia mimi lilifanya kitu ambacho hakina picha nzuri ya kupiga. Lililipa kodi ya miezi mitatu moja kwa moja kwa mwenye nyumba, wakanipa godoro la futi nne na chandarua, na dada mmoja wa pale alienda na mimi kwa mjumbe ili mjumbe ajue kabisa nani haruhusiwi kuja kugonga. Mkataba waliandika jina langu, na hili nalisisitiza kwa mashirika yote, andikeni jina la mwanamke, maana nimeona sehemu nyingine mradi uliandika jina la shirika, mradi ulipoisha mwenye nyumba akawa hamtambui mpangaji. Hiyo miezi mitatu ndo iliyonipa nafasi ya kurudi Kibirizi kuchukua dagaa kwa mkopo, nikaanika, nikalipa mwezi wa nne mwenyewe. Wangenipa cherehani ningeiuza nile. Mtaji ungeisha kwenye nauli za kuhamahama. Chumba ndo kilianza, vingine vikafuata, na nimeona hivo kwa wengi.

Sisemi semina hazina maana. Yule nesi aliyeniuliza naenda wapi alifundishwa kuuliza hivyo, aliniambia mwenyewe, na kule kufundishwa ni semina. Kamati za ulinzi wa wanawake na watoto kwenye mitaa na kata zimetokana na ule mpango wa serikali wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza 2017/18, na pale kamati inapokaa kweli watu wanajua pa kukimbilia. Ninachosema ni kwamba ukimfundisha mtu kutoa taarifa bila kumuandalia pa kulala umemuweka kwenye hatari zaidi ya alivyokuwa, kwasababu mwanaume akishajua umemshtaki na usiku uko chumba kimoja naye... Mwanamke anaweza kuuawa hapo, sipambi maneno.

Kitu kingine kinachoniuma ni miradi kuisha. Mkoa wetu umezoea mashirika, tangu kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ifunguliwe 1996 barabara ya Kasulu inapita magari meupe kila siku, mengi yalikuja kwa ajili ya wakimbizi na walistahili, ila mwanamke wa kijijini alizoea kuyaona yakipita. Alafu Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake watu wengi kwenye mashirika walirudishwa nyumbani, na sisi tuliobaki tulikuwa tunapokea simu za wanawake kutoka wilayani wakiuliza yule dada aliyekuwa ananifuatilia mbona hapatikani. Unamjibu nini? Kipigo hakina mwaka wa fedha.

Na kabla ya hapo 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuvua kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Mimi naunga mkono ziwa kupumzishwa, dagaa walikuwa wamepungua sana. Lakini wanawake wa mwaloni waliokuwa wameshatoka kwenye ndoa za kipigo na wanajilipia vyumba wenyewe walikosa kodi, na wawili ninaowajua walianza kuongea habari za kurudi. Wawili hao ndo waliotufanya kwenye kikoba tukae chini tukasema hapana.

Tukaanzisha mfuko pembeni, tunauita mfuko wa chumba. Kila mwanachama elfu moja kwa wiki, haikopeshwi na haichanganywi na hisa. Hela haitolewi mkononi, mweka hazina anaenda mwenyewe kwa mwenye nyumba analipa mwezi mmoja au miwili na anarudi na karatasi. Kwenye daftari hatuandiki jina wala mtaa, tunaandika tarehe na kiasi basi, maana waume zetu wengine wanasoma madaftari. Mwenye kusaidiwa halazimishwi kuwa mwanachama wala kusimulia. Akitaka kurudisha siku moja anarudisha, asipotaka hatumfuati. Tumeshaongea na wenye nyumba kadhaa, wengine ni wajane wenyewe, wamekubali kupokea mwezi mmojammoja kwa wanawake tunaowaleta sisi, na hilo limetusaidia kuliko hata hela. Halmashauri nayo ina ile mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya ndani, nne ni za wanawake, tumeandikisha kikundi, ila mkopo ni wa biashara hauwezi kulipa kodi ya mtu aliyekimbia usiku, kwahiyo ule tunautumia kwa dagaa na huu wa chumba unabaki wetu.

Wakati mwingine watu wa mjini au walioko Dar wananiuliza wachangie nini, wanataka kuleta nguo. Nguo tunazo. Leta kodi ya mwezi, leta godoro, leta kitasa kipya na fundi wa kukifunga, leta nauli ya kwenda mahakamani na kurudi. Kama una nyumba ya kupangisha punguza masharti ya miezi sita kwa mwanamke mmoja tu.

Kuna jambo moja bado linatushinda. Watoto wa kiume wakubwa. Nyumba ya hifadhi niliyokaa mimi ilikuwa haipokei mvulana akishabalehe, wa miaka kumi na nne hivi, na sababu zao nazielewa, mle ndani kuna wasichana waliobakwa wanaogopa sauti yoyote ya kiume. Lakini nimeona mama akikataa kuingia kwasababu hawezi kumuacha mwanae na baba anayepiga, na mwingine aliingia akamuacha kijana kwa mjomba, kijana akaacha shule akaenda ziwani. Sahivi tunajaribu kuomba walimu wawili watatu na familia moja ya msikitini wawe wanawapokea hao vijana kwa muda wakati mama yuko ndani, ustawi wa jamii wanajua na wanapita kuangalia. Familia moja imeshakubali. Tunatafuta ya pili, iwe karibu na sekondari, na wawe watu wanaoweza kukaa na kijana mwenye hasira bila kumnyanyulia mkono.